Eabegi ya gari la mtumba: nimwambie mnunuzi, au ninyamaze?

"Nina Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2005. Iliingia nchini kutoka Japani mwaka 2017 kupitia kampuni moja ya magari ya mtumba ya Dar es Salaam. Naishi Tanga, na gari hushinda juani pale shuleni kutwa nzima. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat amenipigia simu akasema gari za aina hii zina eabegi zinazopasuka na kumrushia dereva vyuma, na kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu. Kampuni iliyoniuzia wamenijibu kwamba gari lilikaguliwa kabla ya kupanda meli, na kwa kuwa taa ya eabegi haiwaki nisisikilize maneno ya mitandaoni. Fundi wangu anasema nisihangaike, atachomoa fyuzi kwa elfu kumi. Tatizo ni kwamba nimeshapatana na mwalimu mwenzangu alinunue kwa milioni tisa, naye ana watoto watatu. Mume wangu anasema mtumba ni mtumba, kila anayenunua anajua hatari yake, nikianza kueleza haya mteja atakimbia. Je, gari langu ni hatari kweli? Na nina wajibu wa kumwambia?"

Mwalimu, umeuliza maswali mawili, na nahisi la pili ndilo lililokunyima usingizi. Lakini nitaanza na la kwanza, kwa sababu huwezi kumweleza mwenzako jambo ambalo hata wewe umelipata vipande vipande. Hivi sasa unazo kauli za watu wanne: mdogo wako, muuzaji, fundi na mume wako. Hakuna aliyekudanganya moja kwa moja. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila amekipachika mahali pasipo pake.

Hiyo nusu kwa nusu ya mdogo wako ipo kweli, ila si ya gari lako. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitangaza kwamba kundi moja la Honda na Acura za 2001 hadi 2003 lilikuwa na eabegi za kampuni iitwayo Takata ambazo kwenye majaribio zilipasuka hadi asilimia 50. Hilo lilikuwa kundi baya kuliko yote, na Fielder haimo. Hata hivyo usishushe pumzi bado. Mei 2015 Toyota iliita takribani magari milioni 5 duniani, yaani iliwataka wenyewe wayarudishe yatengenezwe, kwa sababu ya eabegi za Takata, zikiwamo Corolla na Vitz zilizotengenezwa kati ya Machi 2003 na Novemba 2007. Na Januari 2024 iliwaambia wenye magari kama 50,000 kule Marekani, yakiwamo ya Corolla za 2003 na 2004, wasiyaendeshe kabisa mpaka yatengenezwe. Corolla yako ni ya umri huo huo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama namba ya chesi yako wewe, hiyo iliyoandikwa kwenye kadi yako, iliitwa. Na kama iliitwa, je, kazi ilifanyika? Hilo lina jibu, na nitakuonyesha pa kulipata.

Kwanza uelewe kinachoharibika, maana ukikielewa utaona mwenyewe kwa nini mengi uliyoambiwa hayashiki.

Katikati ya usukani, nyuma ya kile kifuniko chenye herufi SRS, umekunjwa mfuko wa kitambaa. Nyuma ya mfuko kuna kikopo cha chuma, na ndani ya kikopo mna vidonge vya baruti. Upande wa abiria kuna kingine ndani ya dashibodi. Gari likigonga, kompyuta hupeleka umeme, vidonge huungua, na gesi hujaza mfuko kabla hujamaliza kupepesa jicho. Kila kitu hapo kinategemea vidonge viungue kwa kasi iliyopangwa. Vikiungua polepole mfuko unachelewa. Vikiungua kwa kasi mno, gesi inakosa njia ya kutokea na kikopo chenyewe kinapasuka. Hapo kile kilichowekwa kuokoa uso na shingo yako kinageuka kuwa bomu dogo lenye vipande vya chuma, likielekezwa huko huko usoni na shingoni.

Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1933 kwa shughuli za nguo, ikaja kuwa miongoni mwa wakubwa wa mikanda na eabegi duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kutengeneza vidonge vyake kwa amoniamu nitreti. Ni kemikali rahisi kwa bei. Ndiyo hiyo inayotumika kwenye mbolea na kwenye baruti za migodini. Ubaya wake ni kwamba inapenda maji. Wewe uko Tanga, unajua chumvi inavyofanya kwenye kichupa wakati wa masika: inashikana, haimwagiki, mpaka watu watie punje za mchele. Amoniamu nitreti nayo hunyonya unyevu kidogo kidogo, halafu gari linachemka juani mchana, linapoa usiku, kesho tena, miaka kumi, miaka kumi na tano. Kidonge kilichokuwa kigumu na laini kinavimba na kuingia vitundu. Vikopo vingine vya Takata vilitiwa kikaushio, kazi ile ile ya punje za mchele. Vilivyoleta maafa ni hasa vile visivyokuwa nacho.

Kwa nini vitundu vilete mlipuko? Chukua gogo la mkaratusi na gunia la maranda kutoka kwa seremala, uzito sawa. Gogo litawaka jioni nzima. Maranda yakishika moto yanakwisha mara moja kwa mwali mkubwa, kwa kuwa moto umepata sehemu nyingi za kushika kwa wakati mmoja. Kidonge kizima ni gogo. Kilichooza kwa unyevu ni maranda.

Sasa hapa nataka uketi kidogo, kwa sababu ndipo muuzaji wako alipokosea zaidi kusema ni "maneno ya mitandaoni". Wachunguzi walioajiriwa na watengenezaji magari wenyewe walitoa matokeo yao mwaka 2016 wakataja mambo matatu yanayokutana: amoniamu nitreti isiyo na kikaushio, kikopo kisichozuia unyevu vizuri, na gari kukaa muda mrefu penye joto na unyevu. Marekani, mwaka 2014, walipoanza kuita magari kwa maeneo, waliita kwanza ya Florida, Hawaii, Puerto Rico na visiwa vya Virgin, yaani pwani zenye joto. Kifo cha kwanza nje ya Marekani kilitokea mwaka huo huo Sarawak, Malaysia: mama mjamzito, ndani ya Honda City ya 2003. Tazama Sarawak kwenye ramani. Iko karibu kabisa na ikweta, kando ya bahari, mvua na jua kwa zamu. Ni hali ya hewa unayoijua bila mtu kukuhadithia. Gari lililokaa Dodoma au Arusha lina nafuu kuliko lako. Lililoshinda juani Tanga tangu 2017 limekaa pale pale ambapo kemikali hii haitakiwi kukaa.

Vifo vilivyothibitishwa Marekani peke yake ni 28 au zaidi, majeruhi zaidi ya 400. Ukivilinganisha na makumi ya milioni ya vikopo vilivyoitwa, ni wachache, na ni haki yako kujua hilo pia: vingi havikupasuka, na kikopo hupasuka pale eabegi inapofunguka kwenye ajali. Unaweza kuendesha miaka yote usiguswe. Ila ndio ubaya wake wenyewe. Gari linawaka, linakwenda sokoni, linarudi, halina mlio wala moshi wa kukutahadharisha.

Na Takata walijua. Siwapakazii, walikiri mahakamani Marekani. Januari 2017 kampuni ilikubali kosa la ulaghai, kwamba kwa miaka mingi iliwapelekea watengenezaji magari ripoti za majaribio zenye takwimu zilizochezewa, ikakubali kulipa dola bilioni 1. Miezi mitano baadaye ikaomba kufilisika. Katika hiyo bilioni, milioni 125 tu ndizo zilizotengwa kwa ajili ya walioumia. Milioni 850 zilikwenda kwa watengenezaji magari. Huwa nawasomea wanafunzi wangu wa ufundi mgawanyo huo kisha nanyamaza, wapige hesabu wenyewe.

Turudi kwa muuzaji wako. Ukaguzi wa kabla ya kupakia ni wa kweli na una faida yake. Wanaangalia breki, matairi, taa, chesi, kilomita, na tangu Fukushima mwaka 2011 hata mionzi. Lakini hakuna mkaguzi anayepasua kikopo kuangalia vidonge, kwa sababu ukishakipasua hakifai tena. Kasoro hii haionekani kwa macho, hupimi kwa mashine ya bandarini. Unaijua kwa karatasi tu: namba ya chesi dhidi ya orodha ya mtengenezaji. Cheti cha ukaguzi na jibu la orodha ni vitu viwili, na cha kwanza hakisemei cha pili.

Taa nayo inasema kidogo kuliko watu wanavyodhani. Inapima kama umeme unapita kwenye waya hadi kwenye kikopo, basi. Vidonge vinaweza kuwa vimeoza kabisa na taa ikabaki imelala, kwa sababu waya ni mzima. Cha maana kuhusu taa hiyo ni kitu kingine: ukifungua swichi bila kuwasha injini, lazima iwake kwa sekunde kama sita kisha izime. Kama haiwaki hata kidogo, huenda kuna mtu alishaingia humo kabla yako. Niliwahi kuletewa gari na mnunuzi, taa inawaka na kuzima vizuri kabisa. Nikafungua usukani. Hapakuwa na mfuko. Palikuwa na kitambaa cha kufutia mikono kilichosokotwa ili kifuniko kisibonyee, na rezista ya bei ya pipi imechomelewa kwenye zile waya za njano ili kompyuta iamini mambo ni shwari. Gari hilo lilishapita mikono mitatu hapa nchini, na kila mmoja aliapa kwamba "eabegi zipo, taa haiwaki".

Kuna jambo moja kuhusu mwaka lilipoingia gari lako ambalo sidhani kama kuna aliyekueleza. Japani magari hupita ukaguzi wa lazima wa serikali, unaitwa shaken, kila baada ya muda, na ni ghali. Watu wengi hulitoa gari la zamani pale shaken inapokaribia kwisha, badala ya kuilipia tena. Ndiyo mlango mkubwa wa mitumba inayokuja kwetu. Kuanzia Mei 2018 serikali ya Japani ilikataa kuyapitisha kwenye shaken magari ya kundi la hatari zaidi yaliyoitwa kwa ajili ya Takata na hayajatengenezwa. Lako liliondoka 2017. Lilitoka kabla mlango huo haujafungwa. Inawezekana mwenye gari kule alishaitikia wito, Wajapani wengi waliitikia, na chesi yako ni safi. Inawezekana pia barua ya wito ilifika gari likiwa mnadani, halafu likaja lenyewe bila barua yake.

Hapo ndipo ninapolaumu biashara hii kwa jumla, si kampuni moja. Hatari ilisafiri na gari kutoka mkono hadi mkono, lakini habari zake ziliachwa nyuma kila lilipobadilisha mwenyewe. Aliyetengeneza kikopo aliificha. Mwenye gari hakuwa tena na sababu ya kujali. Dalali wa mnada hakuulizwa, na kampuni ya Dar haikutaka kuuliza. New Zealand, wanaonunua magari ya mtumba ya Japani kwa wingi kama sisi, waliona pengo hilo. Mwaka 2018 serikali yao iliamuru kundi la eabegi za hatari zaidi liondolewe kwa lazima, hata kwenye magari yaliyoingia kama mtumba. Inawezekana kufanyika. Inahitaji mtu aamue kwamba jambo ni lake.

Sasa namba. Chukua kadi ya gari. Chesi ya Fielder ya kizazi hicho huanza na herufi na tarakimu kama NZE121, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Usiiingize kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, ambayo wengi huikimbilia: ile inataka namba ya herufi na tarakimu 17, na magari yaliyouzwa ndani ya Japani hayana namba ya aina hiyo. Nimeona watu wakikataliwa na tovuti ile wakahitimisha "gari langu halimo", wakalala usingizi. Nenda kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, ukurasa wa kutafuta magari yaliyoitwa kwa namba ya chesi. Ni wa Kijapani. Simu yako itakutafsiria. Unaandika sehemu iliyo kabla ya kistari, kisha iliyo baada yake. Itakuambia kama chesi hiyo imo kwenye wito na kama kazi imefanyika au bado. Piga picha ya jibu hilo. Na lisome mpaka chini, kwa sababu gari moja linaweza kuwa na wito zaidi ya mmoja: mmoja wa upande wa abiria, mwingine wa dereva. Tena vikopo vilivyofungwa mwanzoni kuchukua nafasi ya vibovu vilikuwa vya Takata vile vile, vipya tu, na baadhi viliitwa tena baadaye. "Ilishatengenezwa" bila tarehe haitoshi.

Hakikisha pia namba ya kwenye kadi ndiyo iliyogongwa kwenye chuma cha gari. Ni dakika mbili.

Jibu likiwa "haimo" au "imefanyika yote", umemaliza. Uza gari lako kwa amani, na umpe mnunuzi ile picha, itakuongezea thamani badala ya kukupunguzia. Jibu likiwa "bado", nenda Dar kwa wakala rasmi wa Toyota ukiwa na kadi na picha hiyo. Waulize kwa maandishi: je, kikopo cha chesi hii kinapatikana, nani analipa, na itachukua muda gani? Kule gari lilikouzwa jipya, kazi hii ni bure kwa mwenye gari. Kwa gari lililokuja lenyewe kama mtumba, usiende ukiwa umeahidiwa na mtu kwamba ni bure. Uliza, upate jibu lenye muhuri. Wakikukatalia, karatasi ya kukataa nayo ina kazi. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya walaji, na TBS, shirika la viwango, inahusika na ubora. Kwa msomaji wa Kenya, mlango ni KEBS na mamlaka yao ya ushindani. Lalamiko moja halitikisi kitu, lakini hamsini yenye namba za chesi si maneno ya mitandaoni tena.

Fyuzi ya elfu kumi, je? Sitamdharau fundi wako, kwa sababu wazo lenyewe lina asili ya kiungwana. Mwaka 2014, spea zilipokuwa hazitoshi, Toyota yenyewe ilikuwa tayari kuizima eabegi ya abiria na kubandika onyo kwamba kiti hicho kisikaliwe. Angalia lakini walivyofanya: upande mmoja tu, kwa muda, na kwa onyo lililo wazi mbele ya macho. Ukichomoa fyuzi unazima mfumo mzima, eabegi zote mbili pamoja na ile kazi ya mkanda kujikaza wakati wa kugonga, ambayo inaendeshwa na kompyuta hiyo hiyo. Eabegi nzuri huokoa. Hesabu za Marekani zinasema za mbele zimeokoa watu zaidi ya 50,000 kati ya 1987 na 2017. Kuzima zote kabla hujaangalia hata namba ya chesi ni kung'oa meno yote kwa sababu huenda moja limetoboka.

Halafu uniahidi kwamba fundi hatagusa waya za njano kwa taa ya kupimia. Waya na plagi za njano ni za mfumo huu, na umeme wa taa ya kupimia unaweza kuufungua mfuko usoni kwake. Anayejua kazi hufungua kwanza betri na kungoja angalau sekunde 90, na akiutoa mfuko huuweka mezani kifuniko kikiangalia juu. Ukimwona anaulaza kifudifudi, chukua ufunguo wako uondoke.

Usikubali pia eabegi ya kutolewa kwenye gari lililokatwa, iwe ya Gerezani kule Dar au Grogan kule Nairobi. Hujui imetoka gari gani, imekaa jua la wapi, au kama yenyewe ni ile ile iliyoitwa. Hii ni spea moja ambayo mtumba hausaidii.

Sasa mwalimu mwenzako. Hoja ya mume wako ina uzito kuliko ninavyopenda kukiri. Anayenunua mtumba amekubali uchakavu, na hakuna muuzaji anayeorodhesha kila mkwaruzo. Lakini fikiria mtu anavyonunua shati la mtumba: analigeuza, analinusa, anatazama kwapa, anavuta mshono. Hatari anayoikubali ni ile aliyopewa nafasi ya kuigeuza. Kikopo hawezi kukigeuza. Wewe mwenyewe hukuweza, ndiyo maana ulikaa nacho miaka yote hiyo hujui. Mpaka siku mdogo wako alipopiga simu ulikuwa huna hatia yoyote. Baada ya simu hiyo, tofauti kati yako na kampuni iliyokuuzia inategemea utakachofanya wiki hii.

Mimi si mwanasheria, lakini najua Sheria ya Mikataba yetu inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni ulaghai. Kwa hiyo kunyamaza kunaweza kuwa na gharama yake hata kama hutajali lingine lolote. Na usidhani kumuuzia mtu wa mbali, usiyeonana naye chumba cha walimu, kunabadilisha chochote. Kuna watoto huko pia.

Kuna kisa cha General Motors ambacho mafundi wengi hawakijui na wangepaswa. Baadhi ya magari yao madogo yalikuwa na swichi ya ufunguo iliyolegea. Rundo la funguo au goti likiigusa, inarudi nyuma, injini inazima njiani, na eabegi haifunguki kwenye ajali. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa kimya kimya ikawa imara zaidi, lakini namba ya spea ikaachwa ile ile. Waliochunguza ajali miaka iliyofuata walilinganisha swichi mbili zenye namba moja, moja mbovu na nyingine nzima, wakachanganyikiwa. Magari milioni 2.6 yaliitwa mwaka 2014, miaka minane baadaye. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Kosa la kwanza lilikuwa la kiufundi, na makosa hutokea. La pili lilikuwa la kurekebisha bila kuandika. Ndiyo maana chochote utakachofanya kwenye gari hili, hata kama ni kuzima eabegi ya abiria kwa muda kwa fundi wa wakala, kiandikwe na kikae na kadi.

Ukikuta chesi haijatengenezwa, mimi ningefanya hivi: ningesimamisha mauzo, nitengeneze kwanza, kisha niuze kwa bei ile ile. Ikishindikana kwa gharama au kwa spea, ningemketisha mwenzangu, nimwonyeshe picha ya jibu la Toyota na karatasi ya wakala, nipunguze bei kwa kiasi cha kazi hiyo, nimwache aamue na familia yake. Anaweza kukimbia kweli, kama mume wako anavyosema. Nimeona pia wanaobaki, hasa wakiona kwamba punguzo linatosha kazi na kwamba mwenye gari ndiye aliyeanza kusema. Kilicho hakika ni kwamba atakuuliza kitu kimoja: "Wewe ungempandisha mwanao humo?" Jiandae kumjibu bila kuangalia pembeni.

Wakati unasubiri majibu, punguza safari. Kiti cha mbele kushoto kisikaliwe na mtu, watoto wote nyuma na mikanda. Wewe dereva sogeza kiti, kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani, na mkanda usiuache hata ukienda dukani. Kama jibu la Toyota litaonyesha kwamba wito ambao haujatekelezwa ni wa upande wa dereva, egesha gari kivulini na upande daladala mpaka wakala aseme neno. Na mwenzako akikubali kununua, andikeni kwenye karatasi ya mauziano kwamba ameelezwa, mtie sahihi wote wawili, mbandike na ile picha. Usimpe ufunguo kabla hajaisoma.